Jibu: Sakafu ya bahari mashariki ya Pemba ni ya nani?

Waalaykum salaam, ndugu yangu wa Micheweni. Umeuliza kama kampuni ya nje inaweza kuchimba madini kwenye kina kirefu mashariki ya Pemba bila ya idhini yetu.

Tazama umbali kwanza. Mpaka maili 200 za baharini, karibu kilomita 370, madini ya chini ni haki ya Tanzania. Hapo bila ya ruhusa haiwezekani. Kule mbali kabisa, nje ya mipaka ya nchi zote, Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982 unasema sakafu ni urithi wa wanadamu wote. Inasimamiwa na Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, iliyoko Kingston, Jamaica, na kampuni lazima idhaminiwe na nchi mwanachama. Hadi mwisho wa 2024 mamlaka hiyo ilikuwa imetoa mikataba ya utafutaji tu, si ya uchimbaji.

Kamati yetu ya wavuvi iliwahi kuletewa ramani ya rangi nzuri, haina latitudo wala longitudo. Tulikataa kutia saini, na nakusihi mfanye hivyo hivyo, maana tope likitibuliwa chini husafiri na mkondo. Waambieni walete namba za eneo, nakala ya mkataba na jina la nchi inayowadhamini.