Wadogo zangu mnaoingia tenisi ya kulipwa, someni barua pepe zenu

Kila msimu unapoanza, naona makosa yale yale yakirudiwa na sura mpya. Binti ana miguu myepesi na anaanzisha mpira kwa kasi inayowatisha wakubwa zake, lakini amesahau kwamba siku ya mwisho ya kujitoa kwenye mashindano ya W35 (ngazi ya chini ya tenisi ya kulipwa ya wanawake) ilikuwa Jumanne, na leo ni Ijumaa. Mwingine anaujua udhaifu wote wa mpinzani wake, ila hajui kilichomo katika kidonge alichomeza asubuhi. Nawapenda, wadogo zangu, na ndiyo maana nimeshindwa kunyamaza. Mchezaji wa kulipwa amejiajiri tangu siku ya kwanza, na makaratasi ya ajira hiyo ni yake, hata kama kocha na wazazi wanamsaidia kwa moyo wote.

1. Kalenda. Katika mashindano ya ITF (Shirikisho la Kimataifa la Tenisi) usajili hufungwa Alhamisi, siku 18 kabla ya Jumatatu ya wiki ya mashindano, na kujitoa bila adhabu huisha Jumanne, siku 13 kabla. Orodha za droo kuu za mashindano makubwa manne huandaliwa wiki sita hivi kabla. Mali bila daftari hupotea bila habari, na pointi zenu za nafasi duniani ni mali inayodumu wiki 52 tu. Aliyetwaa taji mwezi Machi anapaswa kujua mapema kama orodha ya mechi za kufuzu za Roland Garros, kule Paris, itatengenezwa pointi hizo zikiwa bado zinahesabiwa au zikiwa zimeshafutika, kwa sababu tofauti ya nafasi kumi inaweza kumwacha nje ya lango.

2. Dawa. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo mnaponitia hofu zaidi. Wengi wenu mlikuwa watoto wadogo mwaka 2016, na mnalijua jina la Maria Sharapova kwa sababu ya Wimbledon aliyoishinda mwaka 2004 akiwa na miaka 17. Tangu 2006 alikuwa akitumia dawa aliyoandikiwa na daktari, naye aliijua kwa jina la Mildronate. Kiambato chake ni meldonium, na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, ilikiingiza katika orodha ya vilivyokatazwa kuanzia Januari 1, 2016. Taarifa ilikuwa imetumwa Desemba kwa barua pepe yenye kiungo cha orodha mpya, na yeye hakukifungua. Kazi ya kukagua orodha aliiacha kwa wakala wake, ambaye kwa maelezo yaliyotolewa mbele ya jopo lililosikiliza kesi, alizoea kuisoma akiwa likizoni. Mwaka ule wakala huyo alikuwa ametengana na mkewe, likizo haikuwepo, na orodha haikusomwa. Sampuli ya Sharapova ilichukuliwa Januari mjini Melbourne, siku aliyofungwa na Serena Williams katika robo fainali, ikakutwa na dawa hiyo, na mwezi Machi Sharapova akajitokeza mbele ya waandishi wa habari kukiri mwenyewe. Jopo lilimfungia miaka miwili. Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikapunguza adhabu hadi miezi 15.

Kinachoniuma katika hukumu ile ni jambo dogo zaidi ya barua pepe. Kila mchezaji anapotoa sampuli hupewa fomu yenye nafasi ya kuandika dawa na virutubisho alivyotumia siku za karibuni. Dawa ile hakuiandika, na kocha wake na mtaalamu wake wa lishe hawakuijua. Angeiandika mara moja tu, huenda mtu fulani angeuliza. Ninyi andikeni kila kitu, hata kidonge cha mafua, hata unga wa kuchanganya na maji, nanyi hifadheni kasha pamoja na namba ya toleo. Iga Świątek wa Poland alipokutwa na trimetazidini, dawa ya moyo iliyokatazwa, mwaka 2024, adhabu yake iliishia mwezi mmoja kwa sababu aliweza kuonyesha kwamba ilitoka katika vidonge vya usingizi vya melatonini vilivyochafuliwa.

3. Umri. Msichana wa miaka 14 anaruhusiwa mashindano machache tu ya kulipwa kwa mwaka, na idadi huongezeka kadiri anavyokua. Najua mnaichukia kanuni hiyo. Iliwekwa katikati ya miaka ya 1990, baada ya watu kuona yaliyompata Mmarekani Jennifer Capriati, aliyeanza kulipwa mwaka 1990 kabla hajatimiza miaka 14 na kuuacha mchezo akiwa bado kijana, ingawa alirudi na kutwaa Australian Open mwaka 2001. Ons Jabeur wa Tunisia alishinda taji la vijana la Roland Garros mwaka 2011, na fainali yake ya kwanza ya Wimbledon ilikuja 2022. Miaka yote hiyo kati alikuwa kazini, na hakuna aliyemwibia chochote.

4. Fedha. Chezeni pia mechi za wawili wawili, maana zawadi ya raundi za mwanzo za W15, ngazi ya chini kabisa, ikishakatwa kodi mara nyingi haitoshi tiketi ya kurudi.

5. Simu. Ukifungwa, wacheza kamari watakutukana. Zima simu hadi kesho. Anayekuuliza kwa upole kama kifundo chako kimepona, nawe humfahamu, huenda anatafuta siri ya kubetia; usimjibu, na akikuahidi pesa toa taarifa ITIA, wakala wa uadilifu wa tenisi, siku hiyo hiyo.

6. Kufungwa katika kufuzu. Oktoba 2019, mjini Linz, Austria, Mmarekani Coco Gauff mwenye miaka 15 alipoteza mechi yake ya mwisho ya kufuzu. Maria Sakkari akajitoa kwenye droo kuu, Gauff akaingizwa kujaza pengo, akashinda hadi fainali, akamfunga Jelena Ostapenko na kutwaa taji lake la kwanza la WTA, ziara kuu ya wanawake. Pengo kama hilo hujazwa na aliyesaini kwamba yupo tayari, na saini hiyo hutolewa upya kila asubuhi kabla ya mechi ya kwanza. Kwa hiyo ukifungwa leo, lia usiku, kisha kesho amka mapema, nenda ofisi ya mashindano ukasaini, na uwe umevaa viatu vya kuchezea.