Usiiogope breki ya mbele

Mkuu, umesema una pikipiki aina ya Boxer ya wiki tatu, unaendesha vizuri ila ukifunga breki ya ghafla inayumba nyuma, na jamaa wa kijiweni wamekuonya usiguse breki ya mbele kwa sababu itakurusha. Hapo nawapinga. Mimi nami niliambiwa hivyohivyo, nikawaamini karibu mwaka mzima.

Siku moja nateremka kutoka Soni kwenda Mombo. Anayeijua barabara ile anajua: mlima upande huu, bonde upande ule, kona juu ya kona. Nimeweka free, yaani nimetoa gia, ili nibane mafuta. Natoka kwenye kona, namkuta mama ana mkungu wa ndizi kichwani, yuko katikati ya lami. Nikakanyaga breki ya nyuma kwa nguvu zangu zote. Tairi likajifunga, pikipiki ikaserereka kiubavu mpaka mtaroni. Yule mama hakuguswa, namshukuru Mungu hadi leo. Mimi nilishonwa goti, na helmeti ilichimbika pale pale lilipokuwa sikio.

Ukifunga breki, uzito unakimbilia mbele. Tairi la nyuma linabaki jepesi, ndiyo maana linateleza upesi. La mbele linakandamizwa chini, na hilo ndilo lenye uwezo wa kukusimamisha. Wanaorushwa ni wale wanaobana breki ya mbele kwa kushtuka, au wakati pikipiki imelala kwenye kona, au juu ya mchanga.

Tafuta lami isiyo na magari. Mimi nilitumia maegesho ya soko, Jumapili alfajiri. Weka tofali pembeni, nenda gia ya pili, kama kilomita 30 kwa saa, pikipiki imenyooka. Ukifika kwenye tofali achia mafuta, weka vidole viwili kwenye breki ya mbele na uvute taratibu mpaka usikie shokapu zinazama. Zikishazama ndipo uongeze nguvu. Mguu uguse breki ya nyuma kidogo tu, klachi mwishoni kabla haijazima. Usiharakishe ile hatua ya shokapu. Ustadi wote uko hapo, na mkono unaujua kwa kurudia, siyo kwa kusoma. Kisha shuka uhesabu hatua kutoka kwenye tofali. Nilianza na 13, baada ya wiki mbili nikafika 8.

Usiongeze mwendo mapema. Mwendo ukiwa mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki unakuwa mara nne.

Mvua ikinyesha anza kufunga mapema zaidi, na jihadhari na rangi za zebra, zinateleza sana. Mteremkoni usiweke free hata kidogo. Gia ndogo inaishikilia pikipiki kwa injini, breki hazichemki, na mafuta unayookoa hayafiki hata bei ya bandeji.

Fanya wiki moja, kisha rudi utuambie umefika hatua ngapi.