Bahasha yenye kimeta na mbuzi kibudu

Mwalimu, mtaa wa Sakina, Arusha: Shikamoo daktari. Kwenye grupu la wazazi kuna ujumbe kwamba magaidi wanatuma kimeta kwa bahasha. Kweli au chumvi?

Marahaba. Kimeta ni ugonjwa wa mifugo unaoshika na watu; bakteria wake hujifunga ganda gumu, na hapo huitwa vijimbegu. Ya bahasha yalitokea Marekani mwaka 2001: barua zenye unga wa vijimbegu vya kimeta ziliua watu 5, wengine 17 wakaugua. Ila anayepima hatari haishii kuuliza kama jambo linawezekana. Anauliza pia lina nafasi gani ya kutokea hapa, na litamkuta nani. Kwa Arusha, bahasha iko mbali, kibudu, yaani mnyama aliyekufa bila kuchinjwa, kiko mlangoni. Vijimbegu hivyo hukaa ardhini miaka mingi, na mwaka 2016 kimeta kililipuka Selela, Monduli, bila gaidi yeyote.

Mfugaji, Monduli: Mbuzi akifa ghafla, nitajuaje ni kimeta?

Damu nyeusi isiyoganda hutoka puani au nyuma, na mzoga haukakamai. Usimchune wala usimpasue: bakteria wakipata hewa ndipo hugeuka vijimbegu sugu. Mwite afisa mifugo, mzoga uchomwe au ufukiwe shimo la kina. Najua kufukia mbuzi mzima kunauma, na najua wanaowahi kisu "kabla hajawa kibudu". Ndio hao tunaowapokea na vidonda mikononi.

Mchoma nyama, Kwa Mrombo, Arusha: Moto si unaua kila kitu?

Vijimbegu vya kimeta ni vigumu kuliko jiko lako. Dai muhuri wa mkaguzi wa nyama.

Mama, Moshi: Nikimuuguza mwenye kimeta ataniambukiza?

Ni nadra sana. Funika kidonda, nawa mikono, na awahi dawa. Kile kidonda cheusi kisichouma ndicho huwadanganya watu wakae nyumbani.

Mwanafunzi wa uuguzi, Moshi: Ugonjwa ukipandikizwa makusudi, tutajuaje?

Mwanzoni huenda msijue. Mwaka 1984, huko Oregon, Marekani, wafuasi wa kundi moja la kidini walitia salmonela, bakteria wa kuharisha, kwenye saladi za migahawani. Watu 751 waliugua, na wachunguzi wakawatupia lawama wahudumu kwa mikono michafu. Ukweli ulichukua zaidi ya mwaka. Kwa hiyo wewe mwachie polisi swali la nani kafanya. Andika wagonjwa wangapi, tangu lini, wamekula nini, wametoka boma gani. Kimeta hakingoji ripoti ya wiki: hata mgonjwa mmoja unayemshuku, taarifa itoke ndani ya saa 24. Raia naye anaweza kupiga 199, namba ya Wizara ya Afya, ni bure.