Maswali ya wasomaji: Pedi ya gemu inatembea yenyewe, ni vumbi la Dodoma?

SWALI: Habari za kazi mhariri, mie nina banda la gemu huku Nkuhungu, shida ni pedi, analogi ya kushoto (kile kijiti cha kidole gumba) inatembea yenyewe, mtu kaachia kabisa ila beki wake anakimbilia kona, juzi vijana nusura wazichape sababu ya goli la hivo. Watu wanasema ni vumbi la Dodoma. Mbona pedi za zamani hazikuwa na mambo haya? (Msomaji, Nkuhungu)

JIBU: Pole kaka. Vumbi linachangia, tena upepo ukianza huko kwenu ndo usiseme, ila usilibebeshe lawama zote. Pedi za zamani kabisa analogi hazikuwa nayo! Ya Nintendo ya 1983 ilikuwa na kile kimsalaba cha kuelekezea alichobuni Gunpei Yokoi, mbunifu wao, chini yake kuna mpira unagusa saketi, basi. Hata PlayStation ya 1994 ilitoka na vitufe vitupu, analogi ikaja 1997, na mwaka huohuo pedi yao ya DualShock ikaja na mtetemo (utamu wote wa gemu za magari uko hapo, mi nasema).

Sasa ndani ya analogi kuna kijimkono kinasugua kanjia ka kaboni, ukisukuma umeme unabadilika ndo mashine inajua umeelekea wapi. Kwenye banda inasuguliwa asubuhi mpaka usiku, kaboni inalika, mtu akiachia pedi bado inadhani kuna kidole. Hata DualSense ya 2020, pedi ya PlayStation 5, na triga zake (vitufe vya nyuma) zote zinazokaza, humo ndani ni kaboni vilevile.

Anza na setingi, gemu nyingine zina sehemu ya dedizoni (eneo la katikati ambalo gemu haihesabu msukumo mdogo wa analogi), iongeze kidogo. Ikigoma fungua, chomoa betri, weka tone la spiriti ya isopropili kwenye kiboksi cha analogi, izungushe, acha ikauke kabisa, na usimwage mafuta ya cherehani kama wanavyofanya wengine maana vumbi litaganda humo. Ikirudia baada ya siku chache ujue kaboni imeisha, mpe fundi mwenye mkono mzuri wa kuchomelea risasi abadilishe analogi nzima.

Zipo pia analogi za sumaku, hazina cha kusuguana (Dreamcast, mashine ya gemu ya Sega ya 1998, ilikuwa nazo, watu wakasahau), kwa banda ningechukua hizo, ila muulize muuzaji kwanza kama zinaingia kwenye pedi yako, na fundi awe anajua kuiweka sawa katikati akishafunga, la sivyo beki ataendelea kwenda kona.