Mradi wa wakimbizi ukija kijijini kwenu, msiishie kuomba kisima

Nawaandikia nyie mlioko kwenye kamati za vijiji huku Kasulu, Kibondo na Kakonko, manake mikutano yenyewe naijua. Tangazo linasema saa tatu, gari nyeupe inafika saa tano, mnasaini mahudhurio, soda zinagawiwa, halafu kijana mmoja mpole anauliza mahitaji yenu ni nini na watu wote wanajibu maji, shule, zahanati. Basi mnaletewa kisima.

Cha kwetu kilitoa maji vizuri mpaka raba za ndani ya pampu zikalika, fundi anayejua kuifungua yuko Kigoma mjini, spea Kasulu hakuna, na sa hivi ule mpini kina mama wanaanikia kanga. Kwa iyo wakisema kisima, ulizeni hapohapo spea zinauzwa duka gani na RUWASA, wale wakala wa maji vijijini, wameambiwa au hawajaambiwa.

Ila mimi ningekuwa nyie ningeomba soko kwanza, yaani mnunuzi wa mazao yenu. Kambi ya Nyarugusu ipo tangu 1996, mtoto aliyezaliwa mle mwaka ule leo ana watoto wake, lakini hela nyingi bado inakuja kama ya dharura, ya mwaka mmoja mmoja, inaisha kwenye unga na maharage. Hela ya maendeleo ni fungu lingine lenye mabosi wengine, nyie wa pembeni ya kambi mnabaki katikati. Umoja wa Mataifa walianzisha programu ya pamoja kwa mkoa wa Kigoma 2017, kilimo kimo, wenyeji wamo, kwa iyo mlango upo, shida ni sisi kwenda kuomba vitu vidogo.

Nakumbuka WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, walivyokuwa wanawapa wakimbizi hela taslimu badala ya chakula, kabla serikali haijasimamisha mwaka huohuo wa 2017. Nlikuwa nauza mawese Makere. Jamani! Mama wa Kikongo hakuulizi kikopo, anataka lita nzima, manake sombe, yaani kisamvu, bila mawese kwake bado ni majani tu, na hela ile ilikuwa inalala hukuhuku, kwa muuza dagaa, kwa bodaboda, kwa mwenye mashine ya kusaga. Serikali ilikuwa na hoja zake za usalama, sibishani nazo, lakini biashara ilivyopoa tulioumia tulikuwa pande zote mbili.

Sasa kama hela taslimu imegoma, ombeni mahindi ya kambini yanunuliwe kwenye AMCOS zenu, vile vyama vya ushirika vya wakulima. Hapa mjiandae kweli, mnunuzi mkubwa hachukui mahindi yenye unyevu kupita asilimia 13.5 na sumukuvu, ile sumu ya ukungu, ikizidi kiwango mzigo wote unarudi, kwa iyo badala ya semina nyingine ya ujasiriamali (tumeshashiba hizo) dai maturubai, kipima unyevu na ghala lenye sakafu ya saruji. Na kuni msizisahau, ugomvi mwingi wa akina mama wa kambini na wa kijijini unaanzia porini, mradi wa majiko banifu ukija uhesabu nyumba za pande zote mbili.

Wengine watasema mkimbizi ni mzigo tu. Waambieni wapande treni waende Tabora, Ulyankulu. Warundi waliokimbia kwao 1972 walipewa ardhi pale, wakalima mahindi na tumbaku, wakalipa kodi, na kuanzia 2014 wao na wenzao wa makazi ya Katumba na Mishamo, watu kama 162,000, wakapewa vyeti vya uraia. Ardhi ndo ilifanya kazi ile, posho isingeweza.

Halafu mkisomewa mabilioni ya wafadhili kwenye hotuba, msishtuke sana. Kwa kanuni za OECD, ule umoja wa nchi tajiri, nchi tajiri inaruhusiwa kuhesabu kama msaada gharama za mkimbizi iliyempokea kwake, kwa miezi 12 ya kwanza, kwa iyo kuna hela inaitwa msaada na haijawahi kutoka Ulaya. Ulizeni ya wilaya yenu ni ngapi na mwisho wake lini.

Majibu yao mtendaji ayaandike kwenye muhtasari, agonge mhuri palepale kabla gari halijaondoka, nakala moja abaki nayo mwenyekiti na nyingine diwani aende nayo kwenye baraza. Wakikataa kuandikwa, na nyie msisaini mahudhurio.