Kikundi chetu kimepasuka kwa neno "mwanamke"

SWALI

Shangazi, shikamoo. Tuko wanawake 9, tunakutana kila mwezi kusoma na kujadili haki za wanawake. Kikao kilichopita mwenzetu mmoja, mkubwa kuliko sote, alisema mwanamke ni aliyezaliwa wa kike, basi. Mdogo wetu akaruka: huo ni ubaguzi dhidi ya wanawake waliobadili jinsia, na wewe ni TERF, yaani mfeministi anayewatenga wanawake hao. Mkubwa amejitoa, mdogo amenuna, na kila upande unataka nijitangaze kwa kuwa mimi ndiye mratibu. Mfeministi wa kweli anasimama wapi?

Mratibu, katikati

JIBU

Marahaba, mwanangu. Huyo mfeministi wa kweli mimi sijapata kumwona, na vikao vya wanawake nimekaa miaka 40.

Ugomvi wenu ni mzee. Mwaka 1973 mjini Los Angeles, mkutano wa wasagaji ulikaribia kuvunjika kwa sababu mwimbaji Beth Elliott, aliyebadili jinsia, alikuwa apande jukwaani. Mwaka 1979 mfeministi Janice Raymond akaandika kitabu kizima cha kuwapinga watu kama Beth. Sandy Stone, naye aliyebadili jinsia, aliyesemwa humo, akamjibu kwa maandishi. Lakini mfeministi Andrea Dworkin, ambaye kwa ukali hakuna aliyemshinda, alikuwa ameshaandika mwaka 1974 kwamba watu hao wana haki ya kupata upasuaji wanaoutaka. Kwa hiyo hata wakali kwa wakali hawakuwa kambi moja.

Hilo neno TERF lilianza mwaka 2008 kama kifupisho tu, la kuwatofautisha wafeministi wanaowatenga waliobadili jinsia na wasiowatenga. Siku hizi wanaoitwa hivyo hulisikia kama tusi. Mwambie mdogo wenu aliache, maana aliyetukanwa hasikii hoja.

Kiswahili kimetuepusha na nusu ya vita hivi: "yeye" ni yeye, awe nani. (Tukifika kwenye kuoa na kuolewa, tunaumbuka.) Ila tunakwama kwenye jinsi na jinsia. Jinsi ni ya mwili. Jinsia ni nafasi anayopewa mtu, au anayojiona nayo, katika jamii. Nashuku mkubwa alisema la kwanza na mdogo akasikia la pili.

Swali hilohilo liliwafikia majaji 5 wa Mahakama ya Juu ya Uingereza. Aprili 16, 2025 waliamua kwa kauli moja kwamba katika Sheria ya Usawa ya 2010, "mwanamke" ni jinsi ya kibayolojia. Upande mmoja ukashangilia, mwingine ukalia. Wengi hawakufika pale majaji waliposema kuwa sheria hiyohiyo bado inawalinda waliobadili jinsia dhidi ya ubaguzi.

Sasa nikwambie langu. Nilifanya kazi miaka 6 katika nyumba ya hifadhi ya wanawake waliopigwa. Fundi bomba akija, tulipiga kengele kwanza, kwa sababu kuna mama mmoja alikuwa akisikia sauti nzito kwenye ukumbi anaingia chini ya kitanda. Mtu asiniambie mama yule alikuwa na chuki. Usiku mmoja akaja mwanamke aliyebadili jinsia, jicho limevimba, kiatu kimoja. Tulimtandikia ofisini, chumba chenye mlango wake na choo chake, akakaa siku 11. Mtu asiniambie huyo alikuja kutuvamia.

Kwa hiyo ukiniuliza, nitakujibu kwa kila mlango peke yake. Chumba cha kulala pamoja na kikao cha ushauri cha waliobakwa, naona wanawake wana haki ya kuomba viwe vya waliozaliwa wa kike. Kazi, nyumba ya kupanga, matibabu, usalama barabarani: hapo sioni sababu ya kumbagua mtu hata kidogo. Wafeministi ninaowaheshimu watanipinga pande zote mbili, na wengine wameshanipinga usoni. Michezo ni kesi nyingine, ya misuli na kubalehe, na tafadhali msimwingize mwanariadha wa Afrika Kusini, Caster Semenya, humo: yeye aliandikishwa msichana alipozaliwa na akalelewa hivyo.

Usijitangaze. Mpigie mkubwa kwanza, usimwandikie ujumbe, mpigie. Mdogo umwone ana kwa ana. Kikao kijacho ajenda iwe moja: mwanamke yule wa kiatu kimoja amefika mlangoni kwenu saa 8 usiku, na ndani kuna mama wa chini ya kitanda. Mna vyumba 4. Kila mmoja achore nani analala wapi, na mkubwa na mdogo wachore kwenye karatasi moja.