Maswali ya Wasomaji: Tarumbeta Katika Simfonia ya Nyuzi

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni kiongozi wa kikundi cha vijana 14 wanaopiga fidla, viola, chelo na besi katika kanisa letu hapa Kisumu. Tulisikiliza Simfonia ya Pili ya Arthur Honegger, tukiwa tumeambiwa kuwa ni ya ala za nyuzi, lakini karibu na mwisho tukasikia tarumbeta. Je, ni haki kuiita ya nyuzi? Na tukiicheza bila tarumbeta, tutakuwa tumeiharibu?

JIBU: Ndugu yetu, masikio yenu hayakuwadanganya. Honegger, mtunzi wa asili ya Uswisi aliyezaliwa Le Havre, Ufaransa, mwaka 1892, aliiandikia okestra ya nyuzi, kisha akaongeza tarumbeta moja ambayo si ya lazima. Inapiga lahani ileile ya fidla za kwanza, kwa hiyo mkiikosa hakuna sauti ya wimbo itakayopotea, na jina la kazi halina kosa.

Hata hivyo, nawasihi msiiache tarumbeta. Paul Sacher, kiongozi wa okestra wa Basel, Uswisi, ndiye aliyeiagiza kazi hii, lakini ilikamilika Paris mwaka 1941, mji ukiwa mikononi mwa majeshi ya Ujerumani, na Sacher akaiongoza kwa mara ya kwanza Zürich mwaka 1942. Ukiyajua hayo, unaelewa kwa nini mwanzoni viola inarudiarudia kifungu kimoja kifupi, mithili ya mtu anayezunguka ndani ya chumba asichoruhusiwa kutoka. Sehemu ya pili ni maombolezo. Ya tatu inakwenda mbio, na juu ya mbio hizo ndipo unapozuka wimbo mpana unaofanana na tenzi za kale za Kilutheri, ingawa lahani ni ya Honegger mwenyewe. Bila tarumbeta wimbo huo husikika, ila unapigania nafasi, hasa katika kikundi chenye fidla chache kama chenu.

Tena huko kwenu mpiga tarumbeta hupatikana kwa urahisi kuliko mpiga viola, kwa kuwa bendi za Jeshi la Wokovu kote magharibi mwa Kenya zimelea wapulizaji hodari. Mketisheni nyuma ya fidla za kwanza, asisimame mbele kama mwimbaji wa peke yake. Atakaa kimya zaidi ya dakika 20, na shaba iliyopoa hushuka sauti, kwa hiyo sehemu ya tatu inapoanza aanze kupuliza pumzi ya moto polepole ndani ya ala bila kuiliza. Na mwiteni tangu mazoezi ya kwanza, asije siku ya tamasha tu, maana anayeingia na wimbo ule anapaswa awe ameyasikia maombolezo yote yaliyoutangulia.